Kambare wa Kiasi cha Tangi: Hotuba kwa Wafugaji wa Samaki wa Mapambo, Malindi

Wazee wetu waheshimiwa, kina mama, ndugu zangu na vijana mliohudhuria, asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu jioni hii mkaja kuzungumza habari za samaki ambaye si wa kupikwa wala wa kupelekwa mnadani, bali wa kutazamwa tu sebuleni. Nimeombwa nieleze namna ya kumchagua kambare anayefaa kuishi katika tangi dogo la kioo. Nitakayoyasema yote yanasimama juu ya jambo moja, nalo ni kwamba kambare achaguliwe kwa urefu atakaoufikia akishakomaa, wala si kwa urefu alio nao siku anaponunuliwa.

Jambo hili linawahusu samaki wote, lakini kwa kambare lina uzito wa pekee, kwa sababu sijui jamii nyingine ya samaki wa mapambo ambayo wakubwa wake na wadogo wake wamepishana kiasi hiki. Jamii ya kambare ina spishi zaidi ya 3,000. Kambare mkubwa wa mto Mekong aliyevuliwa nchini Thailand mwaka 2005 alikuwa na urefu wa mita 2.7 na uzito wa kilo 293, ilhali katika mito ya Amerika ya Kusini wamo kambare ambao hata wakizeeka hawafiki sentimita 3. Kati ya hao wawili wamejipanga wa kila kipimo, na wote, wawapo vifaranga, huingia katika mfuko mmoja wa plastiki. Mnunuzi anayesimama mbele ya duka na kuwaona wanne wenye urefu wa kidole hawezi kutambua kwa macho yupi atabaki hivyo na yupi, baada ya miaka miwili, atakuwa mrefu kuliko mkono wake.

Tulipime kwanza tangi lenyewe, maana wengi wetu tunalifahamu kwa futi tu. Tangi ambalo mafundi wa vioo hupenda kututengenezea ni la futi mbili kwa futi moja kwa futi moja, yaani sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Ukizidisha, unapata lita 54. Lakini hizo ni lita za kioo kitupu. Ukishatandaza mchanga wa sentimita 5 chini, na ukaacha sentimita 3 juu ili samaki asiruke, kimo cha maji kinabaki sentimita 22, na maji yaliyo huru ya kuogelea hayafiki lita 40. Ongeza kipande cha mti na mawe mawili, nayo yanapungua tena. Ndiyo maana nawasihi mfanye hesabu ya tangi lililokwisha kupambwa, si ya tangi lililo mezani kwa fundi.

Sasa tumweke ndani yake yule kambare anayeuzwa kuliko wengine wote, anayejulikana kwa jina la pleko. Ni samaki mweusi au mwenye madoa, mwenye ngozi ngumu kama silaha, anayejibandika kwenye kioo kwa mdomo wake. Dukani ana sentimita 5 na bei yake si kubwa. Wale wa kawaida, wa jenasi (yaani makundi ya spishi zinazokaribiana) za Hypostomus na Pterygoplichthys, wakikomaa hufika sentimita 40 na kuendelea. Chukueni rula mlaze sentimita 45 ndani ya tangi nililolitaja: samaki anaenea kwa urefu na kubakiza nafasi ndogo mbele na nyuma, lakini upana wa tangi ni sentimita 30, basi hawezi kugeuka bila kujikunja. Na kukunjamana huko si ndiko kubaya zaidi. Samaki anapoongezeka urefu huongezeka pia unene na kimo, na kwa hiyo uzito wake hukua kwa mchemraba wa urefu. Aliyekua mara 9 kwa urefu huwa amekua 9 kwa 9 kwa 9, yaani takriban mara 700, kwa uzito. Yule wa gramu mbili uliyemleta nyumbani mfukoni sasa ana kilo moja na zaidi, naye anakula, anapumua na kuchafua maji kwa kiasi cha kilo hiyo, katika maji yale yale ya lita 40.

Najua kuna usemi uliotapakaa kwamba samaki hukua kwa kadiri ya tangi lake, kwamba tangi likiwa dogo naye atajizuia. Nauchukia usemi huu kwa sababu una punje ya ukweli ndani yake, na punje hiyo ndiyo inayoudumisha. Ni kweli kwamba samaki aliyebanwa katika maji yaliyojaa taka zake mwenyewe hudumaa. Lakini kudumaa si kujizuia. Mwili unakosa kukua inavyotakiwa, uti wa mgongo huweza kupinda, mapezi huchakaa, na samaki ambaye angeishi miaka zaidi ya kumi hufa mapema huku mfugaji akiamini kwamba ameishi umri wake. Urefu wa kambare umeandikwa katika spishi yake, na kioo hakina uwezo wa kuufuta.

Usemi wa pili ni ule wa kambare mfagiaji. Wengi hununua kambare si kwa kumpenda bali kwa kutaka msafishaji, wakidhani atakula kinyesi cha samaki wengine na mabaki ya chakula, kisha tangi lijisafishe lenyewe. Hakuna kambare anayeishi kwa kula kinyesi. Pleko hukwangua mwani, ni kweli, lakini kila anachokula hukitoa kwa nyuzi ndefu za kinyesi ambazo mtaziona zikining'inia asubuhi kwenye majani na juu ya mchanga. Kumleta samaki mkubwa ili apunguze uchafu ni kuuongeza uchafu. Kinachosafisha maji ni bakteria wanaogeuza amonia, yaani sumu itokayo katika taka za samaki, kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, pamoja na mkono wako unaotoa robo ya maji kila wiki na kutia mengine.

Wapo wengine wa kuepukwa, nitawapitia haraka. Yule anayeuzwa kwa jina la papa wa maji baridi, mwenye rangi ya fedha na asiyetulia hata kidogo, ni Pangasianodon hypophthalmus wa Asia ya Kusini-Mashariki. Anapita mita moja, na ndiye huyo huyo anayefugwa kwa wingi nchini Vietnam na kuuzwa duniani akiwa minofu iliyogandishwa. Kambare mwenye mkia mwekundu wa Amazon naye hupita mita moja, na mdomo wake ni mpana kiasi kwamba samaki yeyote anayeenea humo atamezwa.

Halafu yuko kambare wetu wenyewe. Vijana huvua vifaranga vya kambare katika mto Sabaki maji yanapopungua, wakavileta nyumbani kwenye ndoo, na wazazi wakaona ni jambo la kheri, maana mtoto amepata cha kujifunzia. Nami nasema ni kheri, ila isiwe katika tangi la futi mbili. Clarias gariepinus hupita mita moja, na mabwawani hufugwa kwa sababu hufikia uzito wa kuuzwa ndani ya miezi michache. Ana kiungo cha ziada cha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo huendelea kuishi katika maji ambayo yangekwisha kuwaua wengine, na mfugaji hudhani yu mzima. Usiku husukuma kifuniko akatoka, mkaamka mkamkuta amefika mlangoni. Mtoto akitaka kumwona kambare wa Sabaki, apelekwe kwenye bwawa la ufugaji.

Na kwa kuwa tuko pwani, lazima nimtaje ngogo wa baharini, yule mweusi mwenye mistari miwili myeupe ya urefu. Watoto huvutiwa mno na vifaranga vyake, kwa sababu husafiri vimeshikamana kama mpira mmoja unaobingirika miambani. Hafai hata kidogo. Anahitaji maji ya bahari, hufika takriban sentimita 30, na miba ya mapezi yake ina sumu kali. Wavuvi waliomo humu ukumbini hawahitaji kuambiwa. Kwa wengine, aliyechomwa atumbukize mahali pale katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha apelekwe hospitalini.

Mtu aliye tayari na kambare aliyemshinda asimtupe mtoni. Naomba hili lizingatiwe sana, kwa sababu huruma ndiyo inayowaponza watu: anamwona samaki amebanwa, anambeba hadi Sabaki au ziwa la Jilore, anamwachia, anarudi nyumbani na moyo mweupe. Pleko walioachiwa nje ya kwao wamezaana kwa wingi huko Florida, ambako huchimba mashimo katika kingo za mito na mifereji ili kutaga, na kingo zikaporomoka. Katika bwawa la Infiernillo nchini Mexico walijaa katika nyavu za wavuvi waliokuwa wakitegemea ngege, wakaipotosha riziki yao. Sisi tunao wavuvi wa mtoni na tunayo maji yenye joto la kuwapendeza samaki hao. Samaki aliyezidi tangi arudishwe dukani, au apewe mtu mwenye tangi kubwa, au mwenye kidimbwi cha bustani kisichotoka kwenda mtoni.

Nimesema ya kukataza kwa muda mrefu. Sasa nije kwa wale ninaowapenda na ambao ningependa kuwaona katika nyumba zenu.

Wa kwanza ni koridora. Hawa ni kambare wadogo wa Amerika ya Kusini, waliozoeleka kwa jina la Corydoras ingawa wataalamu siku hizi wamewagawa katika jenasi kadhaa. Wengi wao hukomaa kati ya sentimita 5 na 7, na wapo wadogo zaidi, kama Corydoras pygmaeus, ambaye huishia karibu na sentimita 2.5 au 3. Mtu akitaka kujua kwa nini nimeanza na hawa, amtazame mmoja anapokula. Hushuka taratibu mpaka sharubu ziguse mchanga, akazipeperusha huku na huku, kisha ghafla huzamisha pua hadi machoni, akavuta mchanga mdomoni, na mchanga huo ukatoka kwa nyuma ya matamvua kama unaopepetwa, chembe kwa chembe, kile kinacholiwa kikabaki. Kila baada ya muda mmoja wao hupanda mbio hadi juu ya maji, akanyakua hewa, akashuka tena. Msishtuke, kwani hewa hiyo huimeza na kuifyonza kwa utumbo, na ndivyo alivyoumbwa. Ila wote wakipanda mfululizo bila kupumzika, hapo maji yana kasoro.

Kutokana na ulaji huo mnaona mara moja kwamba changarawe yenye ncha haiwafai. Huwakata sharubu, na jeraha la sharubu huoza. Wawekewe mchanga laini wa mto uliooshwa mpaka maji yake yatoke safi. Mchanga mweupe wa ufuoni, kama ule wa Watamu, umejaa vipande vya matumbawe na makombe, navyo hutoa chokaa polepole na kuyafanya maji kuwa magumu. Mwenye shaka na mchanga wake audondoshee siki kidogo: ukitoa povu, una chokaa. Matumbawe yenyewe ya mapambo yasiingie kabisa katika tangi la kambare, achilia mbali kwamba kuyang'oa katika hifadhi ya bahari ni kuvunja sheria.

Koridora hawaishi mmoja mmoja. Hili ni sehemu ya hesabu ya ukubwa ambayo watu huisahau. Samaki wa sentimita 6 anaonekana mdogo, lakini hanunuliwi mmoja, wananunuliwa sita au zaidi, maana akiwa peke yake hujificha nyuma ya mawe na kukataa chakula. Kwa hiyo kipimo chenu kiwe cha kundi. Katika tangi la lita 54 naruhusu kundi la wale wadogo kabisa, wanane hadi kumi. Wale wa sentimita 6 au 7 nawatakia tangi la lita 80 na kuendelea, lenye urefu wa sentimita 75 au zaidi, kwa sababu wao hutembea chini na eneo la chini ndilo nyumba yao. Tangi refu la kusimama, lile linalopendwa kwa kuwa halichukui nafasi mezani, lina lita nyingi lakini sakafu yake ni finyu, na koridora wawili tu hulijaza.

Hapa ndipo Malindi inapoingia katika hesabu, na vitabu vilivyoandikwa Ulaya haviwezi kutusaidia sana. Huko hununua kifaa cha kupasha maji moto; sisi tatizo letu ni kuyapoza. Wakati wa kaskazi, katika chumba chenye paa la mabati, maji ya tangi hufika nyuzi 30 na kuzidi. Koridora wengi, pamoja na wale wadogo niliowataja, hupendelea nyuzi 22 hadi 26. Na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8.2 kwa lita, kwenye nyuzi 30 takriban 7.5 tu, ilhali samaki mwenyewe kwenye joto hilo huhitaji zaidi. Stima ikipotea usiku, pampu ikanyamaza, tangi lililojazwa kupita kiasi ndilo huanza kufa kwanza. Kwa sababu hiyo napendekeza kwa nyumba zetu Corydoras sterbai, mwenye madoa meupe kichwani na mapezi ya kifuani yenye rangi ya chungwa, ambaye huvumilia joto kuliko jamaa zake, hadi nyuzi 28 bila taabu. Anahitaji lile tangi la lita 80. Mwenye tangi la lita 54 katika nyumba ya kuta nene za mawe na paa la makuti anaweza kujaribu wale wadogo, kwa sharti kwamba apime joto mchana wa Februari kabla ya kununua. Upepo wa feni ndogo ukipita juu ya maji huyapunguza nyuzi 2 au 3. Na mwenye tangi dogo chini ya mabati, asiye na feni, ushauri wangu ni kwamba asiweke kambare kabisa. Aweke samaki wadogo waitwao gapi au moli, nao watamfurahisha bila kuteseka.

Kuhusu maji yenyewe, yale ya bomba yanayotoka kwenye mitambo ya maji ya Baricho yana klorini, basi yakae katika ndoo wazi siku moja na pampu ya hewa ikiendeshwa ndani yake, au yatiwe dawa ya kuiondoa. Maji ya visima vingi vya mjini yana ladha ya chumvi. Moli hayamsumbui, koridora yanamdhuru. Mvua za masika zikiwadia, kingeni maji ya paa baada ya paa kuoshwa na mvua za mwanzo, myachanganye na ya bomba.

Baada ya koridora, wapo watatu wa kutajwa. Ancistrus, mwenye vinyama vinavyochipuka puani kama ndevu, anafanya kazi yote ya mwani ambayo watu humtakia pleko, naye huishia sentimita 12 hadi 15. Mmoja tu katika lita 80 au 100, na awekewe kipande cha mti wa kukwangua. Otocinclus hapiti sana sentimita 4 na huishi kwa makundi. Ni samaki mpole, lakini wengi hufika madukani wamekwisha kuonja njaa. Mtazameni tumbo kwa chini: likiwa limebonyea, mwacheni. Asiwekwe katika tangi jipya lisilo na mwani. Na yuko Mwafrika mwenzetu, Synodontis nigriventris wa bonde la Kongo, anayeogelea chali, tumbo juu, na ambaye tumbo lake kwa sababu hiyo ni jeusi kuliko mgongo. Hufika takriban sentimita 10 na huhitaji wenzake, basi tangi lake lisiwe chini ya lita 100. Jihadharini tu, kwa sababu katika jenasi hiyo hiyo ya Synodontis wamo wanaofika sentimita 20 na zaidi, na wakiwa wadogo hufanana.

Ndiyo maana swali la kwanza dukani lisiwe bei. Liwe jina la spishi, lile la kisayansi, liandikwe kwenye karatasi. Muuzaji akikujibu kwamba ni kambare tu, au kwamba hakui sana, ondoka kwa adabu na usinunue siku hiyo. Ukishapata jina, tafuta urefu wake wa ukomavu, uulinganishe na upana wa tangi lako, si urefu wake. Kipimo ninachokitumia mimi ni kwamba kambare anayetembea chini asizidi theluthi ya upana huo. Katika tangi lenye upana wa futi moja ni sentimita 10, na hapo nimekuwa mkarimu.

Tangi liwe limekwisha kukaa na chujio likizunguka wiki nne hadi sita, likitiwa chakula kidogo ili bakteria wajijenge, kabla kambare wa kwanza hajaingia. Siku ya kununua, omba mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, kwa kuwa miba ya mapezi ya kambare hutoboa plastiki. Asinaswe kwa wavu ikiwezekana, maana miba hiyo hujifunga wima akiogopa na kunasa nyuzi. Kikombe ni bora. Nyumbani, uacheni mfuko uelee juu ya maji dakika 20, kisha mtie maji ya tangi ndani yake kidogo kidogo kwa muda wa saa moja. Mwishowe mchukueni samaki peke yake kwa kikombe na maji ya mfuko myamwage nje, kwa sababu koridora aliyepatwa na hofu hutoa sumu ndani ya maji hayo, na sumu hiyo huweza kuwaua yeye na wenzake. Zimeni taa ya tangi jioni hiyo, na chakula cha kuzama chini mpeni baada ya giza kuingia, saa ambayo samaki wa juu wamekwisha kutulia na hawawezi kumnyang'anya.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Walio na matangi tayari na wangependa tukae tupige hesabu ya lita zao, karatasi na rula ziko hapa mezani.